Miguu Iliyovimba na Majina Yake: Tiba ya Jadi ya Kichina Mbele ya Historia ya Kampala

Ikisiri

Kuvimba miguu si ugonjwa bali ni dalili ya magonjwa mengi. Makala hii inachunguza namna tiba ya jadi ya Kichina ilivyoitaja na kuigawa dalili hiyo kuanzia enzi ya Han, kisha inaitazama historia hiyo kutoka Kampala, mji ambao hospitali zake zimewahi kubishana juu ya majina ya uvimbe. Inadaiwa kwamba mfano wa dawa ya malaria iliyopatikana katika mmea wa Kichina, ambao hutajwa mara nyingi katika mijadala ya sera za tiba za jadi, hauifai dalili hii. Kinachofaa kuchukuliwa ni utaratibu wa kuainisha uvimbe kabla ya kuutibu, pamoja na tahadhari juu ya majina yanayohama kutoka maradhi hadi maradhi na kutoka mmea hadi mmea.

Msamiati wa uvimbe

Kiswahili kina msamiati mpana wa uvimbe. Kitenzi kuvimba hutumika kwa kiungo chochote kilichoongezeka ukubwa, tangu kidole kilichogongwa hadi tumbo lililojaa maji. Kufura huelekea zaidi kwenye uvimbe unaotuna na kuenea. Nomino matende imefungwa kwenye mguu ulionenepa kupita kiasi na ngozi yake kukakamaa. Mabusha yametengewa korodani. Safura ni maradhi ya minyoo yanayomfanya mtu apauke, achoke, na yakizidi, avimbe. Neno hili la mwisho lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusu rangi ya manjano na nyongo. Hata hivyo, sikio la msemaji wa kawaida hulisikia karibu na kufura, na hivyo neno lililotaja rangi ya mgonjwa hudokeza pia umbo la mwili wake.

Msamiati huo hugusa uhai wa watu moja kwa moja. Kwa daktari wa leo, miguu yote miwili ikivimba pamoja, na kidole kikiibonyeza kikaacha shimo, maswali ya kwanza huelekezwa kwenye moyo, figo, ini na lishe. Kwa mjamzito, swali la kwanza ni shinikizo la damu na hatari ya kifafa cha mimba. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hofu ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mguu uliovimba polepole kwa miaka mingi hadi kuota vinundu humpeleka daktari kwenye mfumo wa limfu. Baadhi ya njia hizi huruhusu mgonjwa kujaribu dawa moja baada ya nyingine. Nyingine haziruhusu hata wiki moja ya kuchelewa.

Mabishano ya Mulago

Kampala iliyajua matatizo haya kabla dawa za Kichina hazijaanza kuuzwa mitaani mwake. Katika miaka ya 1930 na 1940, madaktari wa Mulago walipokea watoto wadogo wenye miguu na nyuso zilizovimba, nywele zilizopauka na ngozi iliyobanduka. Hugh Trowell aliwaweka kwanza chini ya jina la pelagra ya watoto, maana ngozi zao zilifanana na za wagonjwa wa pelagra. Wakati huohuo, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alikuwa ameingiza katika maandishi ya kitabibu, mwaka 1935, neno kwashiorkor kutoka lugha ya Ga (isichanganywe na Rukiga ya Kigezi). Wenyeji wake walilitumia kwa ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake anazaliwa. Waganda nao walikuwa na neno obwosi, lenye mantiki iliyokaribiana sana na hiyo: mtoto huugua kwa kuwa mama amebeba mimba nyingine.

Ni jambo la kuzingatia kwamba hakuna hata moja kati ya majina hayo mawili ya Kiafrika lililotaja uvimbe. Yote yalitaja nafasi ya mtoto katika familia, na kwa kufanya hivyo yaliikaribia sababu kuliko pelagra ilivyoikaribia. Trowell aliiacha pelagra. Mwaka 1954 yeye, J.N.P. Davies na R.F.A. Dean walichapisha kitabu kizima juu ya kwashiorkor, na neno la Kiga cha Ghana likashinda duniani kote huku obwosi ikibaki Buganda. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilipoanzishwa Mulago mwaka 1965, jina lake la Kiganda lilimtaja mtoto mwenye afya wala si ugonjwa wenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana kazi ya kituo ilikuwa kuwafundisha akina mama mapishi na malezi.

Davies huyohuyo ndiye aliyeeleza mwaka 1948, pia Kampala, ugonjwa wa utando wa ndani wa moyo ambao hujaza tumbo maji ilhali miguu mara nyingi haivimbi kwa kiwango kinacholingana. Wachunguzi wa maiti wa Mulago, kwa hiyo, walijifunza mapema kwamba hata mahali ambapo maji hayakukusanyika ni ushahidi.

Kiuno kama mpaka

Tiba ya Kichina ilianza kuliandika suala hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mkusanyiko wa maandishi unaojulikana kwa jina la Huangdi Neijing, ambao sehemu zake kubwa zilitungwa katika karne za mwisho kabla ya Kristo, unaeleza mgonjwa wa maji kwa usahihi ambao daktari wa leo angeutambua: kope za chini zimevimba kidogo kama za mtu aliyetoka usingizini, mshipa wa shingo unapiga kwa kuonekana, anakohoa, miguu imevimba, na hatimaye tumbo linakua. Maandishi hayo hutofautisha pia uvimbe unaoinuka mara kidole kinapoondolewa na ule unaobaki na shimo. Chanzo cha maradhi kiliwekwa katika figo na ncha yake katika mapafu. Baadaye wengu ikaongezwa kama kiungo kinachosafirisha majimaji mwilini.

Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, takriban mwaka 150 hadi 219, alifanya kiuno kuwa mpaka. Uvimbe ulio chini ya kiuno, alisema, utolewe kwa mkojo. Ulio juu yake utolewe kwa jasho. Aligawa maradhi ya maji katika aina kadhaa, zikiwemo maji ya upepo, maji ya ngozi na maji ya jiwe, na kila aina ikapewa mchanganyiko wake. Mchanganyiko unaoitwa Wuling San, ambao bado unatumika, una viungo vitano: aina mbili za uyoga, ambapo moja huota kwenye mizizi ya misonobari, viazi vya mmea wa majini uitwao zexie, mzizi wa baizhu, na vijiti vya mdalasini. Mgonjwa wa baridi, mwenye viungo vizito na mkojo haba, hupewa Zhenwu Tang, ambayo ndani yake kuna fuzi, mzizi wenye sumu kali usipochemshwa kwa muda mrefu. Kuanzia enzi za Song na Yuan, mgawanyo mwingine ulitawala: maji ya yang, yanayoanza ghafla usoni, na maji ya yin, yanayoanza taratibu miguuni. Sindano za akupancha huchomwa juu ya kifundo cha ndani cha mguu na chini ya goti, na mahali pengine huchomwa kwa joto la majani ya mmea wa jamii ya pakanga.

Katika mpango huu mzima, hakuna dawa ya "kuvimba miguu". Kuna dawa ya mtu fulani aliyevimba kwa namna fulani. Tabibu aliyefunzwa vizuri huuliza uvimbe ulianzia wapi, ulikuja kwa kasi gani, mkojo ukoje, ulimi una rangi gani, na mapigo ya mshipa yakoje. Ukweli huu husahaulika haraka pale chupa inapofika sokoni ikiwa na lebo ya neno moja.

Kuna pia tatizo la tafsiri ambalo huonekana dogo. Neno la Kichina shen hutafsiriwa "figo". Katika tiba ya Kichina, shen huhusika pia na uzazi, mifupa, masikio na nguvu ya mwili kwa jumla. Tabibu akimwambia mgonjwa wa Kampala kwamba figo zake ni dhaifu, mgonjwa husikia kiungo kilekile ambacho hospitali hupima kwa damu na mkojo, naye anaweza kuamini kwamba amepimwa. Kinyume chake kina hatari zaidi: mtu mwenye figo zinazokufa kweli anaweza kuelewa kwamba "udhaifu wa figo" ni jambo la kurekebishwa kwa chai ya mitishamba. Wafasiri wa Kiingereza wametafuta njia kadhaa za kuikwepa hitilafu hii. Kwa Kiswahili kazi hiyo bado haijafanywa ipasavyo.

Jina lililohama mara tatu

Mfano wa kina zaidi wa hatari ya majina ni jiaoqi, neno linaloweza kufasiriwa kama "qi ya miguu". Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, aliandika katika kitabu chake cha dawa za dharura kwamba maradhi hayo yalianzia kusini, ng'ambo ya milima ya Lingnan, kisha yakaenea hadi mashariki ya mto Yangzi. Wakati huo familia nyingi za kaskazini zilikuwa zimekimbilia kusini kutokana na vita. Miguu ilidhoofika, ikafa ganzi au ikavimba, na maradhi yalipopanda hadi tumboni na moyoni mgonjwa alikufa. Sun Simiao, aliyefariki mwaka 682, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake kwa jiaoqi na kuieleza kama sumu ya upepo inayopanda kutoka katika ardhi yenye unyevu.

Karne kadhaa baadaye neno lilikuwa na maana nyingine. Li Gao, tabibu wa kaskazini aliyeishi kati ya 1180 na 1251, alihusisha jiaoqi ya watu wa kwao na vyakula vizito na pombe, yaani maradhi ya waliokula kupita kiasi. Mwanahistoria Hilary Smith, katika kitabu chake cha mwaka 2017, ameonyesha kwamba ni kosa kusoma maandishi hayo yote kana kwamba yanazungumzia ugonjwa mmoja. Kosa hilo lilikuja kwa njia ya Japani. Herufi zilezile za Kichina husomwa kwa Kijapani kakke, na kakke ndiyo iliyoangamiza mabaharia wa Japani katika karne ya 19. Katika safari ya meli Ryujo ya mwaka 1882 hadi 1883, watu 169 kati ya 376 waliugua na 25 wakafa. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, alibadilisha mlo, na mwaka uliofuata meli Tsukuba ikapita njia ileile bila kifo cha kakke. Utafiti wa Christiaan Eijkman juu ya kuku huko Batavia na kazi ya wengine baada yake vilionyesha kwamba mchele uliokobolewa sana hupoteza kitu ambacho baadaye kiliitwa thayamini, yaani vitamini B1. Kakke ikawa beriberi. Na kwa kuwa jiaoqi iliandikwa kwa herufi hizohizo, nayo ikatangazwa kuwa beriberi, hata ile ya walafi wa Li Gao.

Hadithi haikuishia hapo. Katika Kichina cha mitaani leo, jiaoqi ni fangasi wa vidole vya miguu. Neno moja limebeba sumu ya ardhi ya kusini, madhara ya ulafi, upungufu wa vitamini na muwasho wa vidole. Mtafsiri wa kitabu cha dawa au wa maelezo ya kifurushi asiyeijua historia hii atachagua maana moja na kuiweka popote.

Askari wa Mogadishu

Inaweza kudhaniwa kuwa beriberi ni habari ya zamani ya Asia. Sivyo. Uganda ilipeleka askari wake Mogadishu mwezi Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika, na Burundi ikafuata mwishoni mwa mwaka huo. Kati ya tarehe 26 Aprili 2009 na 1 Mei 2010, askari 241 wa kikosi hicho walivimba miguu wakiwa na angalau dalili moja nyingine, kama vile kukosa pumzi, maumivu ya kifua au mapigo ya moyo kwenda mbio. Wanne walikufa. Si chini ya 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Ripoti ya Watson na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2011, inaeleza kwamba vipimo vya mwanzo vya damu, maambukizi na sumu havikuonyesha sababu.

Kilichofungua njia ni uchunguzi wa chakula. Walioshambuliwa zaidi walikuwa wale waliokula mgao wa jeshi peke yake, bila kuongeza vyakula vya kienyeji, na waliokaa kwenye vituo vilivyoshambuliwa kila siku. Wagonjwa walipopewa thayamini walipona kwa haraka ya kushangaza, na sampuli za damu za wagonjwa 16 zilizochukuliwa kabla ya tiba zikathibitisha upungufu. Kikosi kizima kikaanza kugawiwa vitamini hiyo, na hakuna kifo kingine kilichoripotiwa.

Kisa hiki kinafaa kuwekwa mbele ya kila anayeamini kwamba kuvimba miguu ni tatizo la kutoa maji mwilini. Tabibu wa Kichina ambaye angetumia kanuni ya kiuno angekojoza askari hao. Daktari wa hospitali ambaye angewapa dawa za kukojoza bila kuuliza juu ya chakula angefanya lilelile. Maji yangepungua, na thayamini, ambayo hupotea pia kwa njia ya mkojo, ingepungua pamoja nayo. Kwa upande mwingine, swali la Ge Hong na Sun Simiao, mgonjwa ametoka wapi na amehamia wapi, lilikuwa swali sahihi kwa vijana waliotolewa kwenye matoke, maharage na karanga za kwao na kuwekwa kwenye handaki. Jibu lao halikuwa sahihi, na hilo lisifichwe.

Mguu mkubwa, mbu na udongo

Matende yana historia nyingine. Watu wa China walikuwa na jina la "upepo wa mguu mkubwa", na mashambulizi ya homa na wekundu yanayotangulia unene huo waliyaita "moto unaotiririka". Ni katika bandari ya Xiamen, iliyojulikana kwa Wazungu kama Amoy, ambako Patrick Manson aligundua mwaka 1877 kwamba minyoo ya filaria hukua ndani ya mbu. China ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wa filaria wapatao milioni 30 katikati ya karne ya 20. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitambua kwamba nchi hiyo imekomesha filaria kama tatizo la afya ya umma. Sifa hiyo haikuletwa na mitishamba. Ililetwa na dawa ya kuua minyoo, iliyogawiwa kwa umma na katika maeneo mengi kuchanganywa na chumvi ya kula. Washauri wa sera wanaosikia "China ilishinda matende" wanapaswa kuuliza kwa silaha gani.

Tiba ya kienyeji ilibaki na nafasi yake kwa wale ambao miguu yao ilikuwa imeshaharibika. Kuanzia miaka ya 1960, daktari wa upasuaji Zhang Disheng wa Shanghai aliendeleza tiba ya joto na bendeji iliyotokana na desturi za watu: mguu huwekwa ndani ya tanuri maalumu kwa joto linalodhibitiwa, kisha hufungwa kwa bendeji inayovutika, siku baada ya siku. Haiahidi kuponya bali hupunguza mguu na kuzuia mashambulizi ya homa. Uvumilivu wa mgonjwa na wa muuguzi ndio dawa yenyewe.

Uganda ilipata fumbo lake mwaka 2014, Wizara ya Afya ilipoarifiwa juu ya matende yasiyo ya kawaida katika wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa nchi. Kihembo na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2017, walihesabu wagonjwa 52 walioshukiwa, ambao dalili zao zilianza kati ya mwaka 1980 na 2015. Hakukuwa na ushahidi wa filaria. Wagonjwa walikuwa wakulima waliofanya kazi bila viatu kwenye udongo wa asili ya volkano, na waliochelewa kunawa miguu baada ya kazi. Ugonjwa ni podokoniosisi: chembechembe za madini hupenya ngozi ya nyayo na kuharibu njia za limfu. Hauambukizi, wala dawa ya minyoo haiugusi. Viatu, maji na sabuni huuzuia.

Kwa miaka zaidi ya thelathini, basi, watu wa Kamwenge waliishi na maradhi yaliyobeba jina la maradhi mengine. Ingekuwa si haki kuilaumu lugha peke yake. Lakini neno linalotaja umbo la mguu tu, kama matende linavyofanya, humtosheleza anayelisikia, na aliyetosheka haulizi.

Fangji

Hatari ya majina haiko kwa maradhi tu. Iko pia kwa mimea. Miongoni mwa dawa za kale za kutoa maji yaliyo chini ya kiuno ni mzizi uitwao fangji, unaoongoza mchanganyiko wa Fangji Huangqi Tang. Tatizo ni kwamba jina fangji lilikuwa la zaidi ya mmea mmoja. Hanfangji ni Stephania tetrandra. Guangfangji ni Aristolochia fangchi, ambayo ina asidi ya aristoloki, sumu ya figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels ilitumia vidonge ambavyo ndani yake mmea wa kwanza ulikuwa umebadilishwa na wa pili. Vanherweghem na wenzake walitoa taarifa ya kwanza mwaka 1993. Hatimaye wagonjwa zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. China yenyewe iliondoa guanmutong, mmea mwingine wa jamii hiyo, mwaka 2003, na guangfangji mwaka 2004.

Mtu aliyeharibika figo huvimba miguu. Dawa iliyokusudiwa kuondoa uvimbe, ikibadilishwa kwa sababu ya jina, huuzalisha upya, na mgonjwa asiyejua hurudi kuinunua tena.

Naguru na sheria ya 2019

Tiba ya Kichina haikuingia Uganda kwa mlango mmoja. Timu za madaktari zilizotumwa na serikali ya China, kutoka mkoa wa Yunnan, zilianza kuja mwaka 1983 na kufanya kazi katika hospitali ya Jinja. Mwaka 2012 Hospitali ya Urafiki wa China na Uganda ilifunguliwa Naguru, Kampala, na timu hizo zikahamia huko. Kwa nafasi hiyo, akupancha hutolewa ndani ya hospitali ya umma, penye maabara na wauguzi, ambapo mguu uliovimba unaweza kupimwa kabla ya kuchomwa sindano. Mlango wa pili ni wa biashara: kliniki binafsi na maduka ya vidonge na chai, ambako muuzaji mara nyingi si tabibu na maelezo ya kifurushi huwa kwa Kichina au Kiingereza. Milango hii miwili huitwa kwa jina moja, "dawa ya Kichina", na kuichanganya ni kosa la kwanza la kisera.

Mfano unaotajwa kila mara katika mijadala hii ni artemisinini. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipata dokezo lake katika kitabu kilekile cha Ge Hong kilichoeleza jiaoqi. Uganda ilibadilisha sera yake ya malaria mwaka 2004 na kuchagua dawa mseto yenye artemetha, inayotokana na mmea huo. Hivyo watu huhitimu kwamba njia ileile, kutafuta mmea, kutenga kiini na kutengeneza kidonge, inaweza kufuatwa kwa maradhi mengine. Kwa malaria njia hiyo ilifaa kwa sababu malaria, pamoja na sura zake zote, ina kimelea ambacho dawa inaweza kukilenga. Kuvimba miguu hakuna kimelea kimoja. Kidonge kimoja kwa ajili ya moyo uliochoka, figo zilizoharibika, thayamini iliyokosekana na udongo wa Kamwenge hakiwezi kuwapo. Anayekiuza huuza neno.

Sheria ya Tiba za Jadi na Tiba Mbadala ya mwaka 2019 imeweka msingi wa baraza la kusajili waganga, wakati dawa zenyewe ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Vyombo hivi viwili vitalazimika kuamua ni madai gani yanaruhusiwa kwenye lebo. Pendekezo la kuzingatiwa ni kwamba "hutibu kuvimba miguu" isikubaliwe kama dai, kwa kuwa halitaji ugonjwa. Na kwamba kila mmea wa Kichina utajwe kwa jina la kisayansi pamoja na jina la biashara, fangji ikiwa mfano wa kutosha. Kwa waganga waliosajiliwa, orodha fupi ya dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali siku hiyohiyo ina thamani kuliko mafunzo marefu: mjamzito aliyevimba uso na kuumwa kichwa, mguu mmoja uliovimba ghafla, anayekosa pumzi akilala.

Orodha hiyo itaandikwa kwa lugha gani? Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda katika katiba tangu mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukitumia rasmi. Katika Kampala, Kiganda kitafika mbali zaidi, na itakuwa ni ubishi usio na faida kudai vinginevyo. Lakini dawa hizi huvuka mipaka ya Malaba na Mutukula, na istilahi za pamoja za ukanda zitahitajika. Kazi inaweza kuanzia kwenye matende. Neno likigawanywa kuwa matende ya mbu na matende ya udongo, msemaji wa kawaida ataelewa bila kufundishwa kwamba la kwanza lina dawa ya minyoo na la pili lina viatu. Huenda wanaisimu wakapendelea podokoniosisi kwa ajili ya vitabu, na hakuna ubaya. Wakulima wa Kamwenge hawatalitumia. Beriberi ni ngumu zaidi. Kiswahili kimeikopa kama ilivyo, na sauti yake haisemi chochote juu ya chakula. Obwosi ilikuwa imeonyesha njia ya kutaja sababu badala ya uvimbe, na kumbukumbu za Mulago na Mwanamugimu ndipo mahali pa kuanza kuchunguza ni maneno gani mengine ya aina hiyo yaliyopotea katika kadi za wagonjwa yalipotafsiriwa kwa Kiingereza.